Mwalimu, Mbona Nyota ya Kaskazini Siioni?

Wasomaji wangu wa nyanda za juu, za baridi? Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuliko kawaida na nikizipanga mezani naona karibu zote zina kilio kimoja, watoto wanafundishwa nyota kwenye simu alafu wakitoka nje wakainua kichwa hawakioni walichofundishwa. Nimechagua chache, ndefu nimezikata mnisamehe, na yule jamaa wa Mafinga aliyeniandikia kurasa nne kuhusu viumbe wa sayari nyingine namwambia nimesoma zote, ila za kwako tutaongea tukikutana.

*Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha pili, Tukuyu. Likizo nilichukua simu ya dada nikaangalia vidio ya YouTube inafundisha kutafuta Nyota ya Kaskazini, unaanza na Dubu Mkubwa, unachukua nyota zake mbili za mbele unapiga mstari. Nimetoka siku tatu mfululizo, mawingu hakuna, sijaiona. Wenzangu wananicheka. Nakosea wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea popote, aliyekosea ni aliyetengeneza vidio akasahau kusema yeye yuko wapi. Iko hivi, urefu wa ile nyota kutoka ardhini ni sawa na latitudo ya mahali uliposimama. Mtu wa London anaiona kwenye nyuzi 51 juu, mtu wa Nairobi inagusana na ardhi kwa hiyo ndo kama hana, sisi wa Mbeya tuko nyuzi 9 kusini ya ikweta, kwa hiyo nyota yenyewe iko nyuzi 9 CHINI ya upeo wa macho. Ungepanda hata kileleni Rungwe usingeiona.

Dubu Mkubwa ndo unaweza kumpata, mwezi wa nne na wa tano, usiku upande wa kaskazini, ila kwetu kalala chali miguu juu, na ule mstari ukiupiga kama ulivyofundishwa unakupeleka chini, huko Kiwira kwenye migomba. Sasa fikiria mwanafunzi mwenye akili timamu anafuata maelekezo vizuri kabisa anaishia kuangalia mgomba, si atajiona mjinga yeye!

We geuka, angalia upande wa Kyela na Ziwa Nyasa. Kuna Msalaba wa Kusini, katikati ya Mei unasimama wima kama saa 3 na nusu usiku, Juni unauona giza likiingia tu. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zimekaa jirani, ile ya mbali zaidi na msalaba inaitwa Alfa Kentauri, ndo jirani wetu wa karibu kabisa baada ya jua, mwanga wake unatumia miaka 4 na kidogo kufika hapo Tukuyu. Hizo mbili ndo zinakuhakikishia uko kwenye msalaba wenyewe, maana upande wa kulia kuna msalaba mwingine wa uongo, mkubwa zaidi na umefifia, umedanganya wengi. Ukishaupata chukua mti mrefu wa msalaba, uendeleze kuelekea chini mara nne na nusu ya urefu wake, hapo utakuwa kama ngumi moja ya mkono ulionyooshwa juu ya upeo. Hapo ndo kusini. Hakuna nyota ya maana mahali hapo, usiitafute.

Na kwenye hiyo simu ya dada pakua Stellarium, programu ya ramani ya anga, alafu jambo la kwanza kabla ya lolote nenda kwenye mahali uandike Mbeya. Usipoandika inaweza kukuletea anga la watu wengine. Vidio nyingi zikisema anga la kiangazi, yaani msimu wa joto wa kwao, zinamaanisha Juni mpaka Agosti, wakati huo we umejifunika mablanketi mawili. Ila faida ni yetu, maana Nge, lile kundi la nyota, ambaye kule Ulaya anapita chini chini kama anajificha, kwetu Julai saa 3 na nusu usiku yuko karibu na utosi, mkia wote umejikunja unauona mpaka mwiba.

*Mwalimu habari za kazi. Mwanangu yuko darasa la sita, mwalimu wao anatuma masomo kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Mwezi wa nane waliambiwa waangalie vimondo, mtoto kakaa nje na simu yangu mpaka saa 8 usiku, asubuhi bando la wiki limeisha na kimondo anasema kaona kimoja. Hili ni somo kweli au ananichezea gemu? Mama wa Uyole.*

Dada yangu pole na bando. Somo ni la kweli, gemu nayo inawezekana, tuchambue.

Hivyo vimondo ni vya Perseidi, vinafikia kilele tarehe 12 au 13 Agosti, na mtandaoni vinatangazwa kuliko harusi ya msanii. Shida vinatokea pembe ya kaskazini kabisa ya anga. Kwetu upande huo unachomoza kama saa 7 na nusu usiku na hata alfajiri haupandi sana, kwa hiyo mwanao kakesha saa zote ambazo hakuna kitu afu kaenda kulala saa 8, ndo kwanza wageni wanaingia mlangoni. Hicho kimoja alichokiona mpe hongera. Ongeza na ule moshi wa watu kuchoma mashamba mwezi wa nane, anga la Uyole linakuwa kama chai ya maziwa.

Mwambie mwalimu wao, kwa heshima tu, kwamba sisi wa kusini tuna vyetu. Kuna vimondo vya Eta Akwaridi, tarehe 5 na 6 Mei, mvua ndo zimeisha hewa imeoshwa, unaamka saa 10 alfajiri unaangalia mashariki. Ni vumbi lililoachwa na kimondo-mkia (kometi, bonge la barafu na vumbi linalozunguka jua) kiitwacho Halley, chenyewe hakirudi mpaka 2061 lakini vumbi lake tunalipitia kila mwaka. Vingine ni vya Delta Akwaridi, mwisho wa Julai baada ya saa 6 usiku, hivyo vinatokea karibu na utosi. Vya Mapacha vya Desemba 13 na 14 ni vizuri kuliko vyote ila Desemba ya Mbeya unaijua, mawingu yakifunguka hata nusu saa toka nje haraka.

Sasa la simu. Jicho linahitaji kama nusu saa ya giza ndo lianze kuona nyota hafifu, ukiwasha kioo sekunde tano tu unaanza upya. Kwa hiyo mtu anayetazama vimondo simu haina kazi yoyote mkononi, inabaki ndani. Akikuambia anaihitaji nje, dada yangu, hapo ndo gemu. Na vidio ya somo mzazi mmoja apakue, wengine mrushiane kwa Bluetooth, na vitabu viko maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, unapakua mara moja unasoma mwaka mzima bila bando.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha jiografia shule ya kata Mbeya Vijijini. Nina kishkwambi kile tulichogawiwa baada ya Sensa ya 2022, wanafunzi 70 darasani, projekta hakuna, mtandao mpaka nipande pale kwenye kichuguu. Mkuu wa shule kahudhuria semina kaja na agizo tufanye somo la onlaini na shule ya mkoa mwingine. Nianzie wapi?*

Anzia kwenye mti wa mita moja. Sitanii.

Mi naona haya mawazo tumeyarithi toka 2020, shule zilipofungwa Machi 17 na wengine wakarudi Juni 29, kipindi kile kila mtu akaamini darasa la mtandaoni ni mwalimu kuonekana kwenye kioo na wanafunzi kusema mwalimu hatukusikii, mwalimu umeganda. Somo la onlaini maana yake ni shule mbili kubadilishana kitu ambacho mmoja hana. Na wewe una kitu ambacho shule nyingine hawana, kivuli chako.

Tafuta shule Mwanza. Kwanini Mwanza, chukua ramani utaona iko juu ya Mbeya karibu moja kwa moja kaskazini, longitudo zimepishana kama nusu nyuzi tu. Mwanza iko nyuzi 2.5 Kusini, Mbeya jiji nyuzi 8.9. Sasa tarehe 16 Oktoba au karibu na hapo, jua la mchana linapita utosini kwetu. Chomekeni mti wima, tumieni timazi ya fundi mwashi sio kukadiria, kuanzia saa 6 na robo mpime kivuli kila dakika tano, kitapungua kinapungua mpaka saa 6 na nusu hivi kinaisha. Kivuli hakipo! Wanafunzi 70 wamezunguka mti usio na kivuli, hao hutawatuliza mpaka kengele ya kwenda nyumbani. (Na wakikuuliza kwanini sio saa 6 kamili waambie saa za Tanzania zinafuata longitudo 45 Mashariki, ambayo kwa usawa wetu iko baharini huko, jua linafika kwa wenzetu wa pwani kwanza ndo lije kwetu.)

Mchana huo huo kule Mwanza kivuli chao kifupi kabisa cha mti wa mita moja kinabaki kama sentimita 11, kinaelekea kaskazini. Wanakutumia namba moja tu, 11. Hata kwa meseji ya kawaida, ya kitochi, bila bando. Kichuguu unakipanda mara moja. Wanafunzi wako wanachora pembetatu kwa skeli, wanapima kwa protrakta, wanapata nyuzi 6 na nukta kadhaa, wakiwa makini 6.4. Umbali wa kaskazini kwenda kusini kati ya Mbeya na Mwanza kwenye ramani ni kama kilomita 710. Gawanya 360 kwa 6.4, zidisha kwa 710, unapata karibu kilomita 40,000, na mzunguko wa dunia kupitia kwenye ncha zake ni kilomita 40,008. Watoto wa shule ya kata wameipima dunia kwa mti na meseji moja. Tahadhari moja tu, wasitumie kilomita za basi, basi la Mwanza linazunguka huko na huko watapata dunia kubwa kama Jupita.

Mgiriki Eratosthenes alifanya hivi hivi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kati ya Alexandria na mji ambao leo ni Aswan, na tofauti aliyopata ilikuwa nyuzi 7 na kidogo, yaani karibu sawa na Mbeya na Mwanza. Jua linarudi utosini kwetu mwishoni mwa Februari ila hapo mvua itawaharibia, shikilia Oktoba. Juni pimeni tena muone kivuli cha mchana kimehamia kusini, Desemba kaskazini, maana vipo vitabu na vidio vinavyosema kivuli cha mchana siku zote kinaelekea kaskazini kana kwamba watu wote wanaishi Ulaya.

Mkuu wa shule akitaka picha kwa ajili ya ripoti, mpige na mti.

*Kamwene. Mimi ni mzee wa Kilolo, Iringa, barua hii anaandika mjukuu. Sisi tulilima kwa kuangalia Kilimia. Sasa huyu mjukuu anasoma kwenye simu ananiambia babu hiyo ina jina la kizungu na mvua inatabiriwa na satelaiti. Nani mkweli?*

Kamwene babu, shikamoo. Wote wakweli ila mnaongelea vitu viwili.

Kilimia, kile kikundi cha nyota, ni kalenda. Kila mwaka mwanzoni mwa Mei kinapotea magharibi kwenye mwanga wa machweo, katikati ya Juni kinaonekana tena alfajiri mashariki, na ikifika Novemba kinachomoza jioni giza likiingia. Na Novemba ndo mvua zetu zinaanza, huku kwetu msimu ni mmoja mpaka Aprili, kwa hiyo mliokiona jioni mkashika jembe hamkukosea, mlikuwa mnasoma tarehe ukutani. Watu wa pwani wana usemi wao, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, wao wana masika ya Machi mpaka Mei kwa hiyo mara nyingi kwao kinazama kwa mvua, kwetu kinazama mvua zinaaga. Anga ni lile lile, usemi uleule, ila ukiuhamisha toka Bagamoyo kwenda Kilolo lazima uupime upya kama nguo ya kurithi.

Lakini babu, kalenda haileti mvua. Kilimia kinakuja tarehe zile zile mwaka wa neema na mwaka wa njaa, mvua ndo inachelewa au inawahi, na hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ndo wanaotoa mwelekeo wa Novemba hadi Aprili kabla msimu haujaanza, mjukuu akusomee. Zile nyota sita au saba unazohesabu, mwanga wake ulitoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Mjukuu, hii ni ya kwako. Hapo ulipo una mwalimu asiye na chaneli YouTube. Mrekodi babu kwa sauti, majina ya nyota kwa Kihehe, lini walipanda mahindi, lini mtama, afu rusha kwenye grupu la darasa lako. Masomo ya mtandaoni kila siku yanashuka kutoka huko, siku moja nayo yapande kutoka Kilolo.

*Mwalimu, naandika toka Vwawa. Mwanangu kwenye somo la onlaini kaambiwa kimondo ni nyota iliyoanguka. Sisi tunacho Kimondo cha Mbozi hapa, ina maana ile ni nyota?*

Hapana, nyota ingeanguka Vwawa isingebaki Vwawa. Kile ni bonge la chuma, karibu asilimia 90 chuma na kinachobaki kubwa ni nikeli, urefu kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 16. Wenyeji wanakijua tangu enzi, wageni ndo wakakiandika kwenye vitabu 1930. Vile vinavyopita usiku vikawaka sekunde moja vingi ni punje kama mchanga. Mpeleke mtoto siku ya Jumamosi akiguse, hiyo haina haja ya linki.

*Nipo Rujewa. Mwaka 2016 watu walijaa hapa kuangalia kupatwa kwa jua, mwanangu alikuwa mgongoni hakumbuki chochote, sasa anaona vidio zake anauliza lini tena.*

Ah Rujewa! Septemba 1, 2016, nilikuwepo, nilibanana kwenye Costa toka Mbeya mjini na watu wenye miwani ya karatasi shingoni, kuna mama aliuza ndizi choma siku ile nadhani alijenga. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia kwa hiyo haukulifunika jua lote, ukabaki ule mduara wa moto. Nilichokikumbuka mimi sio juu, ni chini. Kwenye kivuli cha mti kila mwanya wa jani ulimwaga pete ndogo ya mwanga mchangani, mamia ya pete, watoto wanazikanyaga.

Hilo la pete linarudi Tanzania Mei 21, 2031, kama litagusa Rujewa yenyewe sina hakika. Ila Agosti 2, 2027 jua linapatwa lote, njia inapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, na Misri karibu na Luxor giza litazidi dakika 6. Hilo ndo la kuangalia moja kwa moja mtandaoni, hapo bando lina kazi, sio kulimaliza kwa vimondo. Na siku likipatwa hata robo hapo kwenu, mwanao asitumie miwani ya jua wala filamu ya eksirei, achukue kichujio cha chai au atoboe boksi kwa sindano, aangalie pichani chini, jua mgongoni kwake.

Kupatwa kwa mwezi ni rahisi zaidi na hakuna anayeumia jicho. Septemba 7, 2025 mwezi ulikuwa mwekundu kuanzia saa 2 na nusu usiku mpaka karibu saa 4, anga la Septemba kavu, shule za bweni wangetoa watoto nje na blanketi basi, somo limeisha. Niliuliza shule moja, jina naliacha, wakaniambia wanafunzi walikuwa prepu, wanasoma mada ya kupatwa kwa mwezi.

*Kuna mtu anauza darubini mtandaoni, kaandika inakuza mara 600, bei sio mbaya. Ninunue? Kidato cha sita, Njombe.*

Usinunue. Mi niliwahi kuingia mkenge huo, boksi lilikuja limepambwa picha ya Zohali na pete zake, ndani kuna miguu ya plastiki inatetemeka ukipumua, nikaona ukungu uliokuzwa mara 600. Tafuta binokula iliyoandikwa 7x50 au 10x50, hata ya mtumba, egemea ukuta ukiangalia Jupita utaona miezi yake minne imepanga mstari, kesho yake imehama. Na huko Njombe giza mnalo la bure, mkienda Kitulo Julai ile Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, inapita juu kichwani mpaka inatisha, ila vaa soksi mbili.

*Hivi ile nyota inayotembea taratibu jioni bila kupepesa, inakatiza anga dakika chache afu inazimika ghafla, ni nini? Makambako.*

Satelaiti. Ikiwa kali kuliko nyota zote basi kuna uwezekano ni Kituo cha Anga cha Kimataifa, kiko kama kilomita 400 juu, kinazunguka dunia kila dakika 90 na ndani kuna watu. Inazimika kwa sababu imeingia kwenye kivuli cha dunia. Ila kama ina taa nyekundu inawaka inazima, hiyo ni ndege tu ndugu yangu, labda inateremka Songwe.